Nairobi hulipa, kaskazini hula? Dhana potofu kuhusu pengo la mapato kati ya kaunti zetu

Katika mafunzo ninayowapa wajumbe wa kamati za bajeti za kaunti, na katika vikao vya wananchi vya kujadili makadirio ya fedha, kuna kauli moja ambayo siku hizi hutolewa kabla hata sijamaliza kueleza takwimu: kwamba Nairobi na majirani zake wachache hulipa ushuru, na kaunti za kaskazini huutumia. Ilivuma mwaka 2020, Seneti ilipokwama kuhusu fomula ya tatu ya kuzigawia kaunti mapato ya taifa, ikarudi mwaka 2024 kupitia wito wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, yaani mgao ufuate idadi ya watu, na sasa naisikia hata kwa watu waliosomea uchumi, ambao ndio wangepaswa kuwasahihisha wengine. Nimechoka kuijibu mdomoni, kwa hiyo naijibu hapa, pamoja na nyingine ndogo zinazoandamana nayo.

Dhana: Nairobi hulipa, kaskazini hula

Rekodi za Mamlaka ya Ushuru huonyesha mahali ushuru ulipowasilishwa. Hazionyeshi ni nani aliyeubeba. Mwalimu anayefundisha Lodwar, mjini Turkana, hukatwa ushuru wa mshahara kila mwezi, lakini anayeuwasilisha ni mwajiri wake, Tume ya Huduma za Walimu, yenye makao makuu Nairobi. Mama anayenunua sabuni katika duka la Wajir hulipa ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16 uliokwisha kuingizwa kwenye bei, ilhali kiwanda kilichoitengeneza sabuni hiyo huandikisha hesabu zake mahali kiliposajiliwa, na mahali hapo aghalabu ni Nairobi. Mchungaji wa Marsabit anapomtumia mwanawe karo kwa simu, ada ya muamala huo hutozwa ushuru wa bidhaa, na kampuni inayoupeleka serikalini ina ofisi zake jijini. Watu hawa wote wamelipa, kisha malipo yao yakaandikwa kwa jina la Nairobi. Kama mahali pa kuwasilisha ndipo panapostahili sifa, basi Mombasa nayo ingedai ushuru wote wa forodha wa mizigo inayopita bandari ya Kilindini, na sijamsikia hata mmoja wa watetezi wa hoja hii akiipigania Mombasa hivyo.

Mafuta ni mfano ulio wazi zaidi, na ninashangaa kwamba hautajwi. Kila lita ya dizeli hubeba VAT, ushuru wa bidhaa na tozo ya kukarabati barabara, ambayo tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa lita. Moyale iko umbali wa takriban kilomita 780 kutoka Nairobi, na Mandera iko mbali zaidi. Gunia la unga linaloteremshwa huko limekwisha kulipiwa ushuru wa mafuta mwingi kuliko gunia hilo hilo likiuzwa Thika, na mbuzi anayesafirishwa kutoka huko hadi machinjio ya jijini hupunguza bei anayopokea mfugaji kwa kiasi cha gharama za njiani. Kwa maneno mengine, anayeishi mbali hulipa ushuru huu mara mbili: anaponunua na anapouza. Hakuna jedwali linaloonyesha hayo chini ya jina la Mandera.

Sisemi kwamba Nairobi haichangii kuliko wengine. Ina kampuni nyingi, mishahara mikubwa na watu zaidi ya milioni nne, na hata tungehesabu kwa haki ingebaki ya kwanza. Hata hivyo, sehemu ya utajiri huo imetokana na matumizi ya serikali yenyewe: wizara, mashirika ya umma, hospitali kuu za rufaa na maelfu ya watumishi wa makao makuu, ambao mishahara yao inayotokana na ushuru wa nchi nzima hutumika katika maduka na nyumba za kupanga za jiji hilo. Matumizi haya hayaitwi mgao, kwa hiyo hayaonekani katika mjadala. Kinachoonekana ni fedha za kaunti pekee, ambazo katika mwaka wa fedha wa 2022/23 zilikuwa shilingi bilioni 370 kwa kaunti zote 47.

Katika fedha hizo Nairobi ilipata mgao mkubwa kuliko wote, takriban bilioni 19.2, na Turkana ikapata takriban bilioni 12.6. Ni kweli kwamba ukigawa kwa kila kichwa, mkazi wa Turkana anaonekana kupata karibu mara tatu ya mkazi wa Nairobi, na hapo ndipo wengi hufunga daftari wakidhani wameshinda hoja. Lakini Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na Nairobi ina takriban 700. Zahanati moja ya Kayole, mtaa wa Nairobi, huwafikia makumi ya maelfu ya watu wanaoweza kwenda kwa miguu. Zahanati ya aina hiyo hiyo ikijengwa Lokichoggio, Turkana, inahitaji gari la wagonjwa, barabara, kisima na nyumba za wauguzi kabla haijamhudumia mtu wa kwanza. Fomula inayohesabu vichwa pekee humpa kila mtu shilingi sawa na huduma zisizo sawa.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wangu wameusikia hadi wanaukariri, ni huu: ukitajiwa takwimu yoyote ya kaunti, uliza imehesabiwa wapi, mahali mali ilipozalishwa, mahali kampuni iliposajiliwa, au mahali mtu anapolala. Asiyeweza kujibu swali hilo asiruhusiwe kuandika pendekezo la fomula.

Dhana: kaunti yenye pato kubwa ina wakazi wenye mapato makubwa

Swali hilo hilo la imehesabiwa wapi linaijibu dhana hii pia. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, uko Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit. Umeme wake husafirishwa kwa nyaya zenye urefu wa kilomita 428 hadi Suswa ili uingie katika gridi ya taifa. Thamani inayozalishwa huhesabiwa katika pato la Marsabit, lakini faida huwaendea wenye hisa na wakopeshaji, ambao wengi wao wako nje ya nchi. Pato la kaunti linaweza kupanda bila mfugaji wa Loiyangalani kuongezewa hata shilingi moja.

Dhana: ukame ndio uliowafanya maskini

Ukame upo, na unaua mifugo. Lakini ukame hauelezi kwa nini reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilifuatwa na barabara, shule na vyama vya wakulima katika nyanda za juu, huku wilaya za mpaka wa kaskazini zikifungwa kwa sheria za mwaka 1902 na 1934 zilizozuia watu kuingia na kutoka bila kibali. Mifugo ya huko iliwekewa karantini ya muda mrefu iliyowalinda walowezi dhidi ya ushindani sokoni. Baada ya uhuru, Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965, uliokuwa sera ya uchumi ya serikali, uliagiza fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapoongeza uzalishaji upesi zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Mahali palipokwisha kupewa pakaongezewa. Kaskazini mashariki ikabaki chini ya hali ya hatari hadi mwaka 1991, na lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale haikukamilika hadi muongo uliopita. Anayetaja mvua na kuruka haya yote anafanya kosa ambalo mtaalamu hana udhuru wa kulifanya.

Dhana: maskini wote wako kaskazini

Utafiti wa matumizi ya kaya wa 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 79.4 ya wakazi wa Turkana waliishi chini ya mstari wa umaskini, dhidi ya asilimia 16.7 Nairobi na asilimia 36.1 nchini kote. Pengo hilo linatisha. Sasa zidisha viwango hivyo kwa idadi ya watu ya sensa ya 2019, na utapata kila moja ya kaunti hizo mbili ina maskini wapatao 730,000 hivi. Anayepanga misaada kwa kiwango pekee atawasahau wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi. Anayepanga kwa idadi pekee ataisahau Turkana, ambako ni shida kumpata hata jirani mwenye uwezo wa kumkopesha mwenzake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kaunti ni kipimo kipana mno. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipoangalia ngazi za chini mwaka 2018 ilitambua maeneo 1,424 yaliyotengwa, katika kaunti 34, badala ya kaunti 14 za sera yake ya kwanza.

Dhana: Hazina ya Usawazishaji itaziba pengo

Kifungu cha 204 cha Katiba kinaitengea hazina hii, ya kupeleka huduma za msingi katika maeneo yaliyotengwa, nusu ya asilimia moja tu ya mapato ya taifa, tena kwa kukokotoa kutoka hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, ambazo kwa kawaida huwa zimepitwa na miaka. Kiasi kilichotolewa kimekuwa chini mno ya kile kinachostahili. Hazina yenyewe ilipewa miaka 20, inayokwisha 2030, na kuiongezea muda kunahitaji sheria itakayoungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Kaunti zinazoniomba niziandalie hoja za kupinga fomula ijayo ya ugavi zingefanya vyema kuandaa pia hoja za kurefusha hazina hii, na kuziwasilisha mapema, kabla Bunge halijaingia katika msimu mwingine wa kampeni.