Kofia ya Polisi Jeshi (MP) Kichwani kwa Mwanamke

Katika sare ya jeshi, kofia huwahi kujulisha kuliko vazi lolote: huyu ni wa kikosi gani, na nani anapaswa kumtii. Ndiyo maana sisi wa makumbusho hapa Arusha, tukitaka kujua jeshi fulani liliwachukuliaje wanawake, huanza kwa kutazama kichwani.

Tuchukue Marekani. Mwaka 1942 ilianzisha jeshi saidizi la wanawake chini ya Oveta Culp Hobby. Wakapewa kofia ngumu yenye ukingo mbele, ikaitwa kwa jina la Hobby. Hakuna askari wa kiume aliyeivaa. Ukimwona mwenye nayo, ulijua ni wa jeshi la akina mama, basi.

Kofia ya polisi jeshi ni habari nyingine. Herufi MP, yaani Military Police, zilizopakwa mbele ya kofia ya chuma zinataja kazi, hazitaji jinsia. Aliyeivaa anasimamisha gari la jeshi barabarani na kumtia mbaroni askari mwenzake, awe mwanamume au mwanamke. Kazi hiyo ilifunguka zaidi kwa wanawake wa Marekani miaka ya 1970, na mwaka 1978 jeshi lao la pembeni, la wanawake peke yao, likavunjwa.

Waliruhusiwa kwa sababu MP hawakuhesabiwa kuwa kikosi cha mapigano. Lakini MP ndio wanaolinda barabara na misafara, na vita viliwafuata huko huko. Desemba 1989, nchini Panama, Kapteni Linda Bray aliongoza kombania yake ya MP vitani. Mwaka 2005, Sajini Leigh Ann Hester, naye MP, alitunukiwa nishani ya Silver Star kwa ushujaa wake Iraq. Zuio la wanawake kwenye vikosi vya mapigano liliondolewa 2013 tu. Kwangu mimi, sheria ilichelewa kukiri walichokwisha kufanya.

Kwetu Tanzania, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa 1963 na Jeshi la Wananchi (JWTZ) 1964. Mabinti wanatunukiwa kamisheni kwenye chuo cha kijeshi Monduli, na tangu 2021 Amiri Jeshi Mkuu ni mwanamke. Kumbukumbu za mama zetu waliotangulia zisipotee. Kofia zenyewe msiziweke nyumbani: raia haruhusiwi kumiliki sare za jeshi, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kuzisalimisha. Tunzeni picha. Nyuma yake andika kwa penseli laini, si kwa wino, jina la mama, kambi na mwaka. Kisha muulize alipewa kazi gani siku alipokabidhiwa kofia ile.