Je, wajua kwamba nyumba ya mali katika unajimu iliitwa Lango la Kuzimu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba "nyumba" na "nyota" katika unajimu ni kitu kimoja chenye majina mawili. Niliposikia kwamba nyumba ya pili ni ya mali na ya sita ni ya maradhi, nilihesabu kwa vidole: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke. Nikahitimisha kwamba wenye nyota ya Ng'ombe wamejaliwa fedha, na wenye Mashuke, maskini, wamejaliwa homa. Nilikuwa nimekosea, tena pakubwa.

Hapa Dar es Salaam ni rahisi kulikosea jambo hili, kwa sababu njia mbili ambazo wengi wetu tumezipitia kuijua nyota yetu haziulizi kabisa swali linalozaa nyumba. Ya kwanza ni safu ya gazeti, ambayo hutazama tarehe ya kuzaliwa tu. Mtindo huo ulishika kasi Uingereza mwaka 1930, mnajimu R. H. Naylor alipoandika katika gazeti la Sunday Express juu ya nyota ya Binti Mfalme Margaret aliyekuwa amezaliwa karibuni. Ya pili ni falaki ya pwani, ambapo herufi za jina lako na la mama yako hugeuzwa kuwa hesabu kwa abjadi (utaratibu wa kuipa kila herufi ya Kiarabu thamani ya namba), zikatolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yako. Hakuna kati ya hizo inayouliza ulizaliwa saa ngapi na wapi, na pasipo saa na mahali hakuna nyumba. (Safu za magazeti hutaja nyumba pia, lakini huzihesabu kuanzia kwenye nyota ya msomaji yenyewe. Hizo tuziite nyumba za kupanga.)

Tofauti yenyewe ni hii. Buruji 12, yaani zile tunazoziita nyota, ni mgawanyo wa njia ambayo Jua huonekana kuipita kwa mwaka mzima, nyuzi 30 kwa kila burji. Nyumba 12 hugawanya anga kwa kuanzia upeo wa macho wa mahali ulipozaliwa, dakika ile ile uliyozaliwa. Fikiria vituo vya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni: vituo vimejengwa na havisogei, mabasi ndiyo yanayopita. Nyumba ni vituo, buruji ni mabasi, na Jua na sayari ni abiria. Kwa kuwa Dunia hujizungusha mara moja kwa siku, kila basi hupita vituo vyote 12 ndani ya saa 24, likitumia takriban saa mbili kwa kila kimoja. Anayekuuliza wewe ni nyota gani anauliza Jua lilikuwa limepanda basi lipi. Nyumba zinauliza basi hilo lilikuwa limefika kituo gani ulipotoa kilio chako cha kwanza.

Ukisimama ufukwe wa Coco saa kumi na moja alfajiri utaona, au tuseme hutaona, vituo viwili vya mwanzo. Pale maji yanapokutana na anga upande wa mashariki ndipo nyumba ya kwanza inapoanzia, nayo iko chini ya mstari huo, na kilichomo ndani yake kinakaribia kuchomoza. Ya pili iko chini zaidi, gizani, na zamu ya kilichomo humo itafika baada ya saa mbili hivi. Wagiriki waliuita mwanzo huo wa mashariki "mtazama saa", na msomaji wa Kiswahili anapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa saa yetu nayo huanza kuhesabiwa jua linapochomoza.

Mimi, hata hivyo, niliponzwa na saa hiyo hiyo. Mama aliniambia nilizaliwa saa tatu usiku, mwanzoni mwa Februari. Nikaingiza 3 katika programu ya simu, ambayo haijui Kiswahili na ikaielewa kuwa saa tisa usiku yetu, na chati ikaonyesha Jua langu katika nyumba ya pili, ya mali. Nilifurahi kwa wiki nzima. Saa sita za makosa ni robo ya mzunguko, yaani nyumba tatu kamili. Nilipozisahihisha, Jua lilihamia nyumba ya tano, ya watoto na starehe, likauacha mkoba wangu ulivyokuwa.

Lakini kwa nini maradhi yawe ya sita na mali ya pili? Wanajimu wa Kigiriki walifundisha kwamba buruji "huonana" kwa pembe maalumu tu: nyuzi 60, 90, 120 na 180. Nyumba ya kwanza ni mwili na uhai wa mtu. Ukipima pembe hizo kutoka hapo utafika nyumba ya tatu, ya nne, ya tano, ya saba, ya tisa, ya kumi na ya kumi na moja. Zinabaki nne zisizoonekana, kama mzee aliyeketi barazani anavyowaona wapita njia wote lakini haoni kinachotendeka katika chumba kilicho nyuma ya ukuta alioegemea. Kwa kuwa uhai hauzioni, zilihesabiwa kuwa mbaya. Nne hizo ni ya sita, ya maradhi. Ya nane, ya kifo. Ya kumi na mbili, ya maadui na vifungo. Na ya pili, ya mali.

Mantiki hiyo inazitosha vizuri tatu za mwanzo na inaibana ya pili. Maelezo ya kawaida ni kwamba kilichomo katika nyumba hii huchomoza nyuma ya mwili na kuufuata, kama mzigo unavyomfuata msafiri, kwa hiyo ikapewa kile kinachomtegemeza mtu. Hata hivyo jina lake la Kigiriki lilibaki Lango la Kuzimu, na ninakiri kwamba napenda sana kuwa na fedha zilizowekwa hapo. Mwanazuoni Al-Biruni, alipoandika kitabu chake cha mafunzo ya unajimu mwaka 1029, bado aliipa maana ya riziki.

Maana ya kujithamini, ambayo wanajimu wengi wa leo huipa nyumba ya pili, ilikuja karne tisa baadaye. Alan Leo, mnajimu wa London, alishtakiwa kwa kupiga ramli mwaka 1914 na tena 1917, na alijitetea kwamba yeye hueleza mielekeo ya tabia, hatabiri matukio. Unajimu wa karne ya 20 ukafuata mkondo huo wa tabia, kisha wengi wakazioanisha nyumba na buruji kwa namba: ya pili ikawa sawa na Ng'ombe, Ng'ombe ni milki ya Zuhura, Zuhura ni kile mtu anachokithamini, na kutoka thamani hadi kujithamini ni hatua moja tu, katika Kiswahili hata silabi zinasaidia. Kwa maneno mengine, kosa langu la kuhesabu kwa vidole limekuwa mbinu rasmi ya watu wenye vyeti.

Kuhusu ukweli wa mambo haya, jaribio linalotajwa zaidi ni la mwanafizikia Shawn Carlson, lililochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985. Wanajimu walipewa chati ya mtu na maelezo matatu ya tabia ili wachague lililo lake, nao hawakuipita bahati ya moja kwa tatu. Jaribio hilo lilihusu tabia, si afya wala mapato, kwa hiyo haifai kulibebesha zaidi.

Hivi karibuni nilimuuliza mama tena. Alifikiri kidogo, akasema huenda ilikuwa saa mbili na robo, maana taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa haijaisha redioni. Kwa hesabu hiyo Jua langu liko nyumba ya sita, ya maradhi. Nyota yangu ni Ndoo katika masimulizi yote matatu.