Tairi pana kwenye rimu zilezile: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bosi, rimu kumi na tano, tairi kumi na tano, shida iko wapi?"

Ukikaa kijiweni kwa fundi tairi nusu saa tu, utaisikia. Na fundi hadanganyi: 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na tairi yoyote ya R15 itakaa humo. Ila rimu ina kipimo cha pili ambacho hakuna anayekiuliza, nacho ni upana. Vua tairi, tazama mgongo wa rimu: kumechongwa 5½J, 6J au 6½J. Namba hiyo, upana wa rimu kwa inchi, ndiyo inayoamua.

Chukua 195/65R15, saizi ya baadhi ya Toyota Premio; 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Inaruhusiwa kwenye rimu za upana wa inchi 5½ hadi 7. Ndugu yake 205/65R15 inaanzia hapohapo, 5½. Kwa hiyo mwenye 6J akipanda hatua hiyo moja hajavunja kanuni. 215/60R15 inaanzia 6J, yaani kwa mwenye 6J iko ukingoni kabisa. Mwenye 5½J asiiguse.

"Ikishajaa upepo ikakaa, imekubali."

Tairi hukaa hata pasipoifaa. Rimu ikiwa nyembamba, kuta za tairi zinabanwa kwa ndani, uso unavimba katikati kama mgongo wa kobe. Katikati panakuwa kipara huku kashata (meno ya tairi) za pembeni zikionekana mpya, na kwenye kona gari linayumba kidogo kabla ya kutii usukani. Tena upana wenyewe hupati wote. Ile 205 imepimwa kwenye rimu yake ya kawaida. Kila nusu inchi ya rimu inayopungua huondoa takriban milimita 5. Umelipia upana, rimu imeumeza.

"Tairi pana inashika barabara zaidi."

Nusu kweli. Eneo la mpira linalogusa chini hutegemea zaidi uzito wa gari na upepo uliojaza. Gari ni lilelile, upepo uleule: kinachobadilika sana ni umbo la mguso, unakuwa mpana na mfupi. Kwenye lami kavu, hasa konani, kuna faida. Mvua ikinyesha mambo yanageuka, kwa sababu tairi pana ina maji mengi zaidi ya kusukuma na huanza kuelea mapema. Kwenye tope jepesi lenye ardhi ngumu chini, nyembamba hukata ikafika. Mchangani pana ina nafuu, ingawa huko kupunguza upepo ndiko kunakosaidia zaidi.

"Gari litanyanyuka, halitagonga matuta."

Hapa piga hesabu. 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634.5, 205/65R15 ina 647.5. Tofauti ni 13, na nusu yake tu ndiyo iliyo chini ya ekseli. Umenyanyua gari milimita 6.5, unene wa penseli! Halafu kuna anayenunua 205/60R15 kwa sababu 205 ni kubwa kuliko 195. Hiyo 60 ni asilimia ya upana, ndiyo urefu wa ukuta. Kipenyo kinakuwa 627, na gari limeshuka.

Mshale wa spidi nao: kwa 205/65, ukisoma 100 unakwenda kama 102. Si janga, maana viwandani mshale huwekwa usome juu kidogo ya mwendo halisi.

"Nimelijaribu uani, haigusi popote."

Uani gari ni tupu na usukani umenyooka. Pakia watu watano, kata usukani hadi mwisho, ingia shimoni, ndipo utajua. Watu huangalia upande wa madigadi kwa sababu ndio unaoonekana. Tairi nyingi husuguana kwa ndani, kwenye shokapu. Jeraha lipo kwenye ukuta wa tairi, na hulioni mpaka gari lipigwe jeki.

"Nafunga mbili za nyuma kwanza, za mbele mwisho wa mwezi."

Kwa gari linalovuta miguu yote minne muda wote, hapa sina mzaha. Vipenyo vya mbele na nyuma vikitofautiana, difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) inafanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka. Inapata joto, inakufa, na bei yake inaweza kuzidi ya tairi zote nne.

Na wanaodai pana hubeba mzigo zaidi wasome namba iliyo baada ya saizi. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 94 ni kilo 670. Pana yenye namba ndogo inabeba kidogo.

Mimi ningebaki na 195. Ukitaka kubadili, fungua mlango wa dereva kwanza. Kwa magari ya Japani kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Maandishi ni ya Kijapani, lakini saizi zinasomeka, na upepo uko kwa kPa, si psi za fundi. 220 ni kama psi 32. Kipige picha, umwoneshe fundi.