Plani stratejike ni kitu gani kweli?

Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, neno "plani stratejike" utalisikia ku kila reinio (mukutano), ku kanisa, ku asosiasion ya bamama, hata ku komite ya avenue, na batu bengi bakilisikia banawaza paka kitabu kimoja kizito cha kurasa makumi ine, saini ya prezida chini, kile unatumia mufadhili ili akupe makuta kisha unakifungia mu kabati. Mi pia nilikuwaka nawaza vile. Siku nilielewa ilikuwa juu ya sambaza, bale samaki badogo ba ziwa Kivu, lakini ntafika pale.

Kwa kiswahili sanifu banasema mpango mkakati. Ni makubaliano ya kikundi, ao shirika, ao kijiji, hata jimbo zima, juu ya mambo matatu: tuko wapi sasa, tunataka kufika wapi kisha miaka mitatu ao mitano, na katika njia zote zenye ziko tunachukua gani na tunaacha gani. Ile "tunaacha gani" njo batu banarukaka, na bila ile hauna mukakati, uko na listi ya tamaa. Neno lenyewe limetoka ku Wagiriki wa zamani, strategos alikuwa jemadari, na jemadari mwenye askari kidogo hawezi kulinda kila kilima, lazima achague vilima viwili na akubali kwamba vingine adui anaweza kupita.

Usiichanganye na plani ya mwaka. Ya mwaka inasema nani atanunua nini mwezi gani na kwa franga ngapi. Plani stratejike iko juu yake, inakuambia juu ya nini unanunua kile na si kingine. Na projet (mradi) ni kipande tu, iko na mwanzo na mwisho, makuta yakiisha imeisha.

Sasa sambaza. Niko sekretere wa kikundi kimoja cha bamama kumi na mbili mu komine ya Kadutu hapa Bukavu, banauzishaka sambaza (mi mwanaume peke yangu mule, balinitia juu niko na ordinatere (kompyuta), basi). Siku moja kakuja kijana mmoja wa kutufundisha, akapiga misumari makaratasi makubwa ku ukuta wa mbao, akachora visanduku vine: nguvu zetu, udhaifu wetu, nafasi zenye ziko inje, hatari zenye ziko inje. Kwa kifaransa banaita FFOM, ni kitu kizuri ukikifanya kwa ukweli, lakini batu bengi banajaza tu: nguvu "tuko na umoja", udhaifu "hatuna makuta", haya tuendelee. Sisi pia tulijaza vile vile. Tulipofika ku malengo, kisha saa moja listi ilikuwa na kumi na tisa: mashini ya kusaga, mutumbwi wa moteri, shule, farmasi, ng'ombe, ofisi yenye televizio... kila mama akitoa lake bengine banapiga makofi.

Njo mama mmoja, alikuwa ananyonyesha ku kona pale na mbele ya ile alikuwa hajasema kitu, akauliza: "Na mwezi ukijaa, tutakula nini?"

Bakacheka. Kisha kimya.

Kwa mwenye hajui: sambaza banavuaka usiku na mataa. Bavuvi banawasha taa juu ya maji, samaki banafuata mwangaza, wavu unapanda. Mwezi ukiwa mukubwa mwangaza uko ku ziwa lote, taa ya muvuvi haina nguvu tena, samaki hawakusanyike, basi bavuvi banarudi na kidogo ao hawaende kabisa. Kila mwezi kuko siku kadhaa bamama hawana kitu cha kuweka ku meza. Zile siku banaendaka kukopa ili batoto bale, na sambaza zikirudi faida ya juma la kwanza inakwenda kulipa deni. Inazunguka vile mwaka wote. Tulikuwa tumekaa asubui mzima tunaongea ng'ombe na televizio, na ile duara hakuna mwenye alikuwa ameiandika ku visanduku vine.

Lile swali njo uchambuzi. Kisha pale kazi ilikwenda mbio. Kumi na tisa ikawa tatu: kukausha sambaza wakati ziko nyingi na kuzichunga kwa siku za mwezi mukubwa, kuwa na kasha letu lenyewe la kukopeshana, na kununua pamoja ku pwani kuliko kila mama kushindana bei na mwenzake. Zile kumi na sita tulizifuta na biki. Si kwa amani! Mashini ya kusaga peke yake ilikula nusu saa ya makelele, juu mama mmoja alikuwa amesha ongea na bwana yake na kiwanja kilikuwa kimepatikana.

Na ona vile uchaguzi unazaa mupangilio wenyewe. Kukausha kunaomba jua, na kwetu mvua inanyesha kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, basi kitu cha kwanza kununua haikuwa samaki wala mizani, ilikuwa mbao na shitingi (maturubai) za kujenga tanda za kuanikia zenye paa. Endikateri, ni kusema kipimo cha kujua kama tunafika, pia ikajitokeza, mi ningeandika "uwezo wa wanawake umeimarika" kama kila mutu, lakini bamama balisema hapana, tuhesabu mama wangapi bameenda kukopa inje wakati wa mwezi mukubwa, ikishuka tunaendelea, isiposhuka tumekosea. Sijaona endikateri nzuri kupita ile mu raporo yoyote.

Batu banaweza kusema haya ni mambo ya makampuni ya Wazungu. Ni kweli yalianzia kule. Mwaka 1965 Igor Ansoff, mu Marekani, alitoa kitabu chenye kilisambaza hii kazi ku makampuni makubwa, bakaweka ofisi nzima za batu ba kupanga peke yake, banatabiri miaka mingi mbele. Kufika 1973 bei ya petroli ikapanda karibu mara ine kwa miezi michache, matabiri ya wengi yakabaki makaratasi. Kisha 1994 Mkanada Henry Mintzberg akaandika wazi kwamba kupanga na mukakati si kitu kimoja, kwamba mukakati mwingine unazaliwa mu kazi yenyewe, mutu anajaribu, anaona, anageuza. Mi naona iko sawa, ile swali ya mama haikutoka ku karatasi ya mwalimu, ilitoka ku soko.

Na sisi tulipata petroli yetu. Plani ilikuwa inasema mwaka wa pili tufungue konti ku benki. Ikafika 2025, mwezi wa kwanza benki zikafunga ku Goma juu ya vita, na mwezi wa pili huku Bukavu. Ile laini tuliifuta. Kasha la kufuli tatu, funguo ku bamama batatu ba nyumba mbalimbali, likabaki njo benki. Mstari umegeuka, njia ni ile ile.

Ku serikali pia kitu hiki kiko, si bure. Sheria ya 7/10/2008 inazipa komine, sekta na sheferi (serikali ndogo za chini ya jimbo) uhuru wa kujiongoza, na zinafanyaka plani ya maendeleo ya pahali. Kule Katanga njo inaonekana vizuri: sheria ya madini ya 2018 (code minier) inalazimisha kampuni ya madini kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya vijiji vyenye vinaguswa, na 15% ya ushuru wa madini inaenda ku zile komine, sekta na sheferi. Haya, makuta yamefika, banauliza munataka nini. Kama hamujakaa mbele mukachagua, mwenye sauti kubwa njo anajibu kwa wote, na hata siku ile kila mutu atapiga makofi kama sisi na ng'ombe wetu.

Urefu? Yetu ni ukurasa moja, iko imepigwa misumari nyuma ya mulango, pembeni ya kalendari yenye duara nyekundu ku kila mwezi mukubwa. (Ile ya kurasa makumi ine pia iko, niliiandika mimi, mufadhili aliiomba, hakuna mama mwenye amesha ifungua.) Siku ine mbele ya duara nyekundu, mama mwenye kuchunga stoki anahesabu mifuko ya sambaza kavu, ikiwa chini ya sita tunaita reinio usiku ule ule. Jana alihesabu saba, akarudi kulala.