Mtindo wa pikipiki ni nini, na unakuambia nini kabla hujanunua

Mtindo wa pikipiki ni mpangilio wa vipimo vyake: siti iko juu kiasi gani, usukani uko karibu au mbali na kifua, miguu inakaa mbele, katikati au nyuma, gurudumu la mbele ni kubwa kiasi gani, shokapu zinacheza sentimita ngapi, na uzito wa injini umewekwa wapi. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua pikipiki itafanya nini ikikutana na tuta, mchanga, kona kali au gunia la mkaa. Ukubwa wa injini ni habari nyingine kabisa. Kuna skuta ya cc 150, kuna pikipiki ya kawaida ya cc 150, na kuna ya porini ya cc 150. Nguvu zake hazipishani sana, lakini kwenye barabara ya udongo wakati wa masika ni vyombo vitatu tofauti.

Kwa hiyo anayeanza na swali la "ninunue cc ngapi?" ameruka hatua. Anza na njia unayoipita siku nyingi za wiki, si ile ya safari moja ya mwisho wa mwaka. Kisha jiulize nyuma yako atakaa nani, au kitafungwa nini. Ukishapata majibu hayo mawili, mtindo karibu unajichagua wenyewe, na cc zinafuata.

Tuanze na ile iliyojaa vijiweni, yaani pikipiki ya kawaida ya kazi: Bajaj Boxer, TVS HLX, na kundi kubwa la pikipiki za Kichina ambazo injini zake zina asili ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Boxer 150 kwa kweli ni cc 144.8, na injini yake inatoa nguvu farasi 12 hivi. Si nyingi, lakini zinatosha, kwa sababu pikipiki yenyewe ni nyepesi na gia zake zimepangwa kwa kuvuta zaidi kuliko kwa mbio. Siti ni ndefu na ya bapa. Shokapu mbili za nyuma zimesimama karibu na ekseli, yaani chuma kinachopita katikati ya gurudumu, kwa hiyo uzito wa abiria unashuka moja kwa moja kwenye gurudumu. Mnyororo umefunikwa, na kifuniko hicho kinachodharauliwa ndicho kinachozuia vumbi lisile mnyororo na sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo) kabla ya wakati. Usikitoe ili pikipiki ipendeze.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza, shokapu zinacheza sentimita 10 hadi 13 tu, hivyo kwenye mashimo mfululizo zinafika mwisho na pigo lote linaenda kwenye rimu na mgongo wako. Pili, madigadi ya mbele, lile bati la kuzuia maji na tope, imekaa karibu sana na tairi. Kwenye lami hilo ni jambo jema, maana maji hayakurukii. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, tope linajisokota ndani ya madigadi, linashikana tabaka juu ya tabaka, mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Utasimama, utatafuta kijiti, utachokonoa, utaenda mita mia, utasimama tena. Kama njia yako ya kila siku ina udongo wa namna hiyo, kuongeza cc hakutakusaidia chochote.

Kupakia kupita kiasi nako kuna kanuni yake. Abiria mmoja anakaa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma au juu yake. Wa pili anakaa nyuma ya ekseli, na hapo uzito unaanza kuinua pua ya pikipiki. Tairi la mbele linapungukiwa na mshiko, usukani unakuwa mwepesi na unaanza kutikisika ukifika mwendo, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, inapoteza kazi. Gurudumu la nyuma nalo linaanza kukata spoku. Ili kuzikagua, inua gurudumu kwa stendi ya kati, lizungushe polepole na ugonge kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Kaza zilizolegea kidogo kidogo, robo mzunguko kwa wakati mmoja, ukiangalia rimu isipinde. Rimu za aloi hazina kazi hiyo, ila zikipigwa na shimo zinapasuka, na rimu ya aloi iliyopasuka hainyooshwi. Kwa barabara mbovu, rimu ya spoku bado ndiyo bora.

Mtindo wa pili ni pikipiki ya porini yenye taa na namba, zile ndefu ambazo watu wengi wanaziita XL au DT kwa sababu Honda XL125 na Yamaha DT125 zilitangulia kujulikana. Siku hizi utakutana pia na Honda XR150L na Yamaha AG200. Gurudumu la mbele mara nyingi ni la inchi 21, na XR150L ina 19. Ukubwa huo una maana yake. Tairi la skuta la inchi 10 lina kipenyo cha takriban sentimita 43 kutoka ukingo hadi ukingo. La pikipiki ya kawaida la inchi 17 linafika karibu 57, na la inchi 21 karibu 68. Kadiri gurudumu lilivyo kubwa ndivyo linavyopanda ukingo wa shimo kwa mteremko mpole zaidi badala ya kujigonga, na ndivyo linavyozama kidogo kwenye mchanga. Madigadi yake ya mbele imepandishwa juu, mbali na tairi, kwa ajili ya lile tope la mfinyanzi.

Gharama ya faida hizo ni urefu. Siti ya XR150L iko sentimita 82.5 kutoka chini, na nyingine zinapita 87. Mtu wa kimo cha kawaida atagusa ardhi kwa vidole tu, jambo ambalo halina shida ukiwa unaenda, lakini ni shida kwenye foleni, kwenye mteremko, au ukiwa na abiria anayehama huku na huku. Tairi za meno nazo zinapungua haraka kwenye lami, na lami ikilowa zinachelewa kushika breki.

Tatizo kubwa zaidi la mtindo huu kwa mtu wa mizigo ni springi. Nyingi zina shokapu moja ya nyuma, yenye mchezo mrefu, iliyopangwa kwa mtu mmoja. Ukiweka abiria na mzigo, mkia unalala, taa inaangaza matawi ya miti, na usukani unakuwa mzito kuingia kwenye kona, kwa sababu mkia ukishuka shokapu za mbele zinalala zaidi. Kipimo cha kufuata ni hiki: mkia usilale zaidi ya theluthi moja ya mchezo wote wa shokapu. Inua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye mkia juu yake. Tuseme umepata sentimita 60. Ishushe, kaa na mzigo wako wa kawaida, mtu mwingine apime tena. Ukipata 54 kwenye pikipiki yenye mchezo wa sentimita 18, uko sawa. Ukipata 50, kaza ringi inayobana springi na upime upya. Ringi ikifika mwisho na mkia bado umelala, springi yenyewe ni laini kuliko kazi yako, na kuendelea kuikaza hakutaifanya ngumu.

AG200 inastahili neno la pekee. Imetengenezwa kwa ajili ya mashamba: ina keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili ili uiegeshe hata mahali palipoinama, na mnyororo uliofungwa kabisa. Si ya mbio. Kwa bwana shamba au mhudumu wa chanjo anayepita vijiji, sijaona mpangilio uliofikiriwa vizuri kuliko huo.

Skuta ni kinyume cha pikipiki ya porini karibu kwa kila kitu. Tangu Vespa ya kwanza ya Piaggio mwaka 1946, wazo ni lile lile: magurudumu madogo, injini nyuma, na nafasi wazi ya kuweka miguu mbele. Zanzibar imeipenda kwa sababu zinazoeleweka. Vichochoro ni vyembamba, safari ni fupi, na mwenye kanzu au buibui anapanda bila kurusha mguu juu ya tanki. Skuta za sasa hazina klachi wala gia za kubadilisha, maana mkanda wa mpira ndani ya kasha ndiyo unaofanya kazi hiyo. Mkanda huo huchakaa, na dalili yake ni injini kupiga kelele zaidi huku mwendo hauongezeki. Jambo la kuogopa ni mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Lushoto hadi Mombo. Ukiachia mafuta, injini haikuzuii vya kutosha, breki zinabaki peke yake, zinapata moto, na breki za dramu zikishapata moto hazishiki. Anayeishi milimani asinunue skuta, hata kama bei inavutia.

Katikati ya skuta na pikipiki ya kawaida ipo jamii ya Honda Super Cub, iliyoanza 1958 na kupita idadi ya milioni 100 zilizotengenezwa ilipofika 2017. Nafasi ya kupandia iko wazi kama ya skuta, lakini magurudumu ni ya inchi 17 na gia zinabadilishwa kwa mguu bila kushika klachi. Ukishuka mlima unaweka gia ndogo na injini inashika. Watu wengi wanaoomba skuta kwa kweli wanahitaji hii.

Kuhusu pikipiki za mbio maneno hayahitaji kuwa mengi. Shokapu za mbele zimesimama, kwa hiyo inaingia kwenye kona upesi. Usukani uko chini, viganja vinabeba kifua chako, na haukati sana kushoto wala kulia, kwa hiyo kugeuza kwenye foleni ni kazi. Matuta yetu yanakwangua tumbo lake. Zile za kulala, za mtindo wa Harley-Davidson au Bajaj Avenger, zina siti ya chini inayowafaa watu wafupi, lakini miguu inanyooshwa mbele. Hapo ndipo penye kasoro: ukiona shimo huwezi kusimama juu ya futresti, yaani vyuma vya kukanyagia, kwa hiyo uti wa mgongo ndiyo unaopokea kila kitu. Kwenye lami nzuri ni raha. Kwenye barabara ya vumbi, hapana.

Pikipiki za safari ndefu, ambazo BMW ilizifungulia njia mwaka 1980 kwa R 80 G/S, zinachanganya usukani mpana, siti iliyonyooka na tanki kubwa. Zinavutia sana, na kwa anayekula kilomita mia tano za lami kwa siku zinastahili sifa zake. Lakini R 1250 GS ina kilo 249 kabla hujafunga mabegi. Ikiangukia kwenye mchanga ukiwa peke yako, zima injini, fungua stendi ikiwa imelalia upande usio na stendi, weka gia ya kwanza isiserereke, geuza usukani upande ilikolalia, chuchumaa ukiipa siti mgongo, shika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu. Ukivuta kwa mikono na kiuno, utaumia. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ni nyepesi kuliko hiyo, na siti yake iko sentimita 80 tu, ila bado ni mzigo wa karibu kilo 200.

Umeme hauhesabiki kama mtindo. Pikipiki za betri zinazobadilishwa vituoni Kigali na Nairobi nyingi zimefuata umbo la pikipiki ya kawaida ya kazi, na uzichague kwa vipimo vile vile, ukiongeza swali la kituo cha betri kiko wapi.

Siku ya kuijaribu, vaa viatu unavyovaa kazini. Kaa, ukanyage chini kwa miguu yote miwili, kisha isukume kinyumenyume ukiwa umekaa. Ukishindwa kwenye sakafu ya duka, hutaweza kwenye kokoto. Simama juu ya futresti bila kuning'inia kwenye usukani. Mpandishe mtu wa uzito wa abiria wako na uangalie nafasi iliyobaki kati ya tairi la nyuma na madigadi. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote na uhakikishe nyaya za klachi na za mafuta hazivutiki. Baada ya hapo nenda kwenye maduka ya spea ya pale unapoishi, si ya mjini uliponunulia, ukaulizie bei ya seti ya mnyororo na sproketi, viatu vya breki, waya wa klachi na tairi la mbele. Tairi la inchi 17 utalipata hata gulioni. La inchi 21 wilayani mara nyingi linaagizwa, na wakati linasubiriwa pikipiki imelala.