Unguja hadi London kwa meli ya moshi: siku ngapi?

Swali hili naulizwa kila mara: zama za Sultani Barghash, mtu akipanda meli ya moshi Unguja alifika London baada ya siku ngapi? Mwezi mmoja, kama mambo yamemnyookea. Barghash mwenyewe aliondoka Mei 1875, akateremka London Juni.

Tupige hesabu. Unguja hadi Aden ni kama maili 1,770 za baharini. Meli ya kawaida ilikwenda maili 10 kwa saa, usiku na mchana, basi ni wiki na ushei. Aden hadi Suez siku tano na nusu. Port Said, mwisho wa kaskazini wa Mfereji wa Suez, hadi London kumi na tatu hivi. Jumla 26. Zilizobaki zilipotelea wapi?

Kwanza, kwenye makaa ya mawe. Aden meli ilitia nanga, matishari yakaja ubavuni, wachukuzi wakapanda ubao mmoja na mizigo mgongoni, wakateremka mwingine mikono mitupu, saa baada ya saa. Vumbi lilipenya kila mahali. Abiria alichagua: afunge dirisha apikwe na joto la Aden, au alifungue alale mweusi kama tanuri.

Pili, Mfereji wa Suez. Ulifunguliwa 1869, lakini kwa miaka mingi meli hazikupita usiku. Jua likizama zilifungwa kando zikingoja alfajiri. Mwaka 1887 ndipo zenye taa kubwa za umeme zikaruhusiwa kuendelea gizani.

Ila muda unaosahaulika zaidi ni wa kukaa pwani. Tangu mwisho wa 1872 kampuni ya British India ilileta meli ya barua kutoka Aden mara moja tu kwa mwezi. Ukichelewa, ukaiona inatoa moshi nje ya bandari, rudi nyumbani ufungue mizigo. Kwa hiyo nikikuta mtu kaandika "safari ilichukua miezi miwili", siilaumu injini. Nauliza kwanza alikaa bandarini siku ngapi.

Mwili wa Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Uskoti, ulifikishwa Bagamoyo Februari 1874, Southampton katikati ya Aprili. Wengi hushangaa ulikawia hivyo baharini. Mimi hushangaa zaidi ule mwendo wa kabla yake: karibu miezi tisa kwa miguu, kutoka Chitambo, kijiji alikofia katika Zambia ya leo, begani kwa watu.