Kuku wa friza, mzinga wa hewa na pipa letu

Mwezi uliopita uwanja mmoja wa ndege huku kwetu nyanda za juu kusini tulikaa karibu masaa mawili, tukaambiwa wakati inatua ndege imemgonga ndege kwaiyo mafundi wanakagua injini (humu ya abiria nitaiita pipa tusichanganyane). Basi pale kwenye viti kikazuka kijiwe, kila mtu fundi, na mengi yaliyosemwa sio kweli jamani.

"Wanajaribia kwa kuku wa friza, barafu tupu." Yani kupima kama pipa litahimili kugongwa na ndege, wanalirushia kuku kwa mzinga, bomba kubwa kama bunduki. Kauli hii haijawahi kukosa, na ina kisa chake, eti wahandisi wa nchi fulani waliazima mzinga, kuku akapasua kioo akapita na kiti cha rubani akaenda kukita ukuta wa nyuma, kumbe walisahau kumyeyusha. Kila anayesimulia anataja nchi yake. Ukweli ni kwamba mzinga upo, unasukuma kwa hewa iliyobanwa, na Marekani walishatengeneza wa kwanza 1942. Ila kuku anakuwa ameshakufa na hana barafu hata chembe, kwa sababu nyama laini kwa mwendo ule inasambaa kwenye kioo kama maji uliyoyamwaga ukutani kwa ndoo, wakati ya barafu inapiga kama jiwe, na huko angani hamna kunguru wa barafu. Siku hizi mara nyingine wanarusha bonge la jelatini badala ya kuku.

"Kindege kile kitalifanya nini bati lote lile?" Chukua jogoo wa kilo 1.8, wale unaowaona wamefungwa miguu pale soko la Mwanjelwa, Mbeya. Pipa likimkuta likiwa kilometa 460 kwa saa, nguvu ya lile pigo ni kama magunia 15 ya mahindi ya kilo mia mia yameachiwa kwa mpigo toka kimo cha mita 1. Na mwendo ukiongezeka mara mbili pigo linakuwa mara nne. Ndo mana kwa sheria za Marekani kioo cha rubani kwenye mapipa makubwa kinapimwa kwa ndege wa kilo 1.8, na mkia kwa wa kilo 3.6.

"Injini ikishapimwa haizimiki." Hapa ndo naomba watu wanielewe. Kwa ndege mmoja mkubwa sheria haisemi injini iendelee kufanya kazi, inasema isiwake moto, isirushe vipande nje ya ganda lake na izimike vizuri, basi. Kwa kundi la ndege wa kati ndo inatakiwa ibaki na angalau asilimia 75 ya msukumo na idumu dakika 20, rubani ageuze arudi. Tarehe 15 Januari 2009 New York, mabata bukini wazito kuliko ndege aliyepimiwa injini zile waliingia injini zote mbili, pipa likatua mtoni na watu wote 155 wakapona. Bahir Dar, Ethiopia, 1988 walikuwa njiwa tu, ila kundi zima wakati pipa linaruka, na kati ya watu 104 walikufa 35.

"Si waweke wavu mbele?" Wavu wa kumzuia bata kwa mwendo ule utakuwa mzito, utaziba hewa, utashika barafu, na ukikatika unaingia wenyewe ndani.

Ule mchoro mweupe wa kujisokota katikati ya injini nao kazi yake kubwa ni wafanyakazi wa chini waone kwamba inazunguka wasisogee.

"Juu kule ndege hawafiki." Wanafika, 1973 karibu na Abidjan tumbusi aligongwa kwenye mita kama 11,300. Lakini migongano mingi inatokea chini, pipa likiruka au likitua, yani hapa hapa kwetu, na kinachowaleta ndege hapa ni chakula. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wanashauri dampo likae kilometa 13 toka uwanjani.

Siku ile nilimwona fundi anachomoa unyoya wa kahawia kwenye mdomo wa injini, akauweka kwenye kifuko taratibu kabisa, maana unyoya unasaidia kujua ni ndege gani. Tulivyoruka nikachungulia dirishani, nje ya uzio kuna lundo la maganda ya ndizi na mabaki ya chakula, sisi raia ndo tunamwaga pale, na mwewe kama saba hivi wanalizunguka.